Hapa Salama, Ila

4 Februari

Mume wangu mdogo,

Miezi saba! Hata paka akipotea hurudi kuangalia kama sufuria bado ipo. Umehama dunia, au umeoa mke mwenye fimbo? Shikamoo yako naipokea ingawa hujaituma: marahaba. Hujambo? Kifua hakijambo? Unakula? Mimi mzima, goti tu ndilo lina mdomo.

Simu usipige, masikio yangu yamestaafu. Andika. Fundi cherehani wa hapa jirani ndiye anayeniandikia hii, na ndiye atakayenisomea yako, kwa sauti ya mnada, maana bila kelele siambulii kitu. Anakusalimia. Ameharibu gauni la mtu na anasingizia mashine. (Mashine ni mbovu kweli. — Fundi)

Nieleze kazi yako inaendaje. Kila mtu namwambia, ukiita gari la wagonjwa, anayepokea simu ni mjukuu wangu.

Bibi yako


19 Februari

Bibi,

Sianzi na salamu. Nisamehe, siziwezi.

Mwezi wa kumi na moja mzee mmoja alipiga simu. Kanuni yetu ni kuuliza tatizo kabla ya neno lolote. Lakini alianza, "Hujambo, mwanangu?" na sauti ilikuwa ya mtu mzima, nikasema, "Sijambo, shikamoo." "Marahaba. Habari za kazi?" "Nzuri, mzee." "Na watoto?" Nikamjibu ya watoto, Bibi, na watoto sina. Ndipo akasema, "Na hapa salama tu, ila mke wangu hapumui."

Salamu zilikula dakika moja na sekunde tano. Gari lilipofika, mama wa watu alikuwa amekwisha kata roho. Msimamizi aliwasikilizisha wenzangu wote ile rekodi, wajifunze.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza hujambo, naondoka nikimwacha amesimama. Asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mguuni mpaka saa nne. Naenda kliniki kwa mshauri, mama mmoja mpole. Ananifundisha kukaa na pumzi yangu, inaingia, inatoka, wala nisiifukuze. Aliniuliza, "Kama mwenzako ndiye angepokea simu ile, ungemwambiaje?" Nikasema ningempa pole. "Basi jihurumie na wewe." Nikashindwa. Akasema nimtafute mtu mmoja nimweleze yaliyomo moyoni bila kusema sijambo.

Nimekutafuta wewe.

Mjukuu wako


2 Machi

Mjukuu,

Hujambo. Umeona? Neno moja tu, wala halijanivunja jino.

Barua yako imesomwa kwa kelele mbele ya wateja na yule bwana anayeleta vifungo. Mwanamke mmoja kacheka mpaka kashika meza: "Kijana mzima, kiatu kimoja!" Nilitamani ardhi ipasuke. Nimekulea mimi tangu mama yako alipozikwa, nimekulea kwa adabu, leo unaniandikia kama askari anayechukua maelezo?

Watu hufa. Nimezika wanne wa tumbo langu, na kesho yake nikaulizwa habari za asubuhi, nikajibu nzuri. Ndivyo mtu anavyosimama. Na huyo mama anayekufundisha kupumua, kabla hujakutana naye ulikuwa unapumua kwa masikio? Kujihurumia ni mbwa kulamba kidonda: hakiponi, kinaloa. Vaa kiatu cha pili uende kazini.

Ukiandika tena, andika kama mtu.

Bibi yako

(Nimeandika alivyosema. — Fundi)


28 Machi

Kwako Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Mimi sijambo kabisa. Kazini salama, usingizi mzuri. Kwa mshauri nimeacha kwenda, ulisema kweli. Nakutumia redio yangu, blanketi zito, na viatu vyangu, vyote viwili. Mpe yeyote vitakayemtosha. Huku sivihitaji sana.

Wasalimie wateja wa Fundi, waambie sijambo.

Unisamehe kwa yote.

Mjukuu wako


21 Aprili

Mwanangu,

Dereva mmoja wa magari ya wagonjwa, mwenzako wa kazini, kampigia Fundi jana, namba aliiona nyuma ya bahasha yangu. Ndiye aliyevunja mlango wako. Anasema u hai, umelazwa, unafumbua macho lakini husemi na mtu. Hii atakusomea yeye, polepole, sikioni. Hakuna mteja.

Mzigo ulifika. Redio nimeiwasha siku kumi na sita nikiwatambia watu kwamba mume wangu amepona, tazama barua yake ilivyonyooka. Fundi akasema, "Bibi, mtu hagawi viatu vyake." Nikamwambia ashone nguo. Hilo nitaingia nalo kaburini.

Sasa sikiliza. Ungemkatiza yule mzee, mimi ningekuzaba kofi. Nani alikufunza kwamba mkubwa hakatizwi hata nyumba ikiungua? Basi katika dakika ile nimo. Kabla hujajihukumu, nihukumu mimi.

Na ile "nzuri" niliyosema baada ya kuzika ilikuwa uongo. Alipokwenda mama yako, nilikaa sakafuni mwaka mzima, watu wananiogesha kama maiti. Sikukwambia kwa kuwa ulikuwa mtoto. Baadaye sikukwambia kwa kuwa umekuwa mkubwa.

Leo asubuhi nimeijaribu ile ya pumzi. Inaingia, inatoka. Ni kazi nzito kuliko kubeba mawe. Machozi yakatoka. Fundi akauliza kulikoni, nikamwambia, "Niache, niko kazini." Mwombe radhi yule mshauri kwa niaba yangu. Nilimtukana bure. Aje akae na wewe hapo wodini, hata ukinyamaza.

Sijui kama utapona. Sitakudanganya. Hata kama ungekuwa umeua kwa mkono wako, ningekuja kukushika kichwa. Sembuse kosa la salamu?

Wakikuruhusu, Dereva akulete moja kwa moja. Usipitie dukani kwa Fundi. Godoro lako nimelitandika chumbani mwangu, upande wa ukuta. Langu liko mlangoni. Ukitaka kwenda popote, niamshe kwanza.

Bibi yako