Kaka Amemfungia Mama Koki

Mshauri wangu, nakuandikia cherehani ikiwa imesimama tangu asubuhi, mama yetu ana miaka sitini na saba na miezi miwili iliyopita mshipa ulimpasukia kichwani, akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani akitembea mwenyewe, na siku ya kutoka hospitali daktari alituambia tumwangalie sana kwa sababu umri wake, wingi wa damu iliyovuja hadi kwenye vyumba vya ndani vya ubongo, na ule mrija aliowekewa kichwani wodini siku za mwanzo, vyote vinaongeza hatari ya maji kujaa kichwani, na hapo kaka yangu mkubwa, fundi bomba, akashika neno moja tu, maji, akasema, "Mdogo wangu, maji nayajua mimi, ukifunga koki tangi halijai," basi tangu siku hiyo mama hupewa kikombe kimoja kwa siku. Sasa anaburuta miguu kama imegandishwa sakafuni, juzi aliniuliza mara tatu gauni ninaloshona ni la nani, nalo ni lake, tena anajikojolea kabla hajafika mlangoni, na kaka akiona shuka anasema, "Si unaona, bado yamezidi," anapunguza tena. Jana mama alininong'oneza, "Mwanangu, niibie maji," nikamwibia nusu glasi, na tangu hapo najiona muuaji. Je, nimemdhuru, au ninyamaze tu nisubiri kliniki ya mwezi ujao, maana marehemu baba alituusia kwamba kauli ya mkubwa haipingwi?

Fundi cherehani

Fundi, nusu glasi ile ndiyo akili pekee iliyotumika katika nyumba hiyo. Pole sana. Lakini umeona miguu, umeona usahaulifu, umefua shuka, kisha unaniuliza habari za mwezi ujao?

Maji aliyoyasema daktari hayatoki kwenye kikombe. Ubongo huyatengeneza wenyewe kila siku na kuyaondoa wenyewe. Damu iliyovuja yaweza kuziba njia hizo, yakakusanyika na kuukandamiza. Kaka yako amezibua masinki mangapi maishani? Fundi bomba gani hajui kwamba sinki hufurika bomba la chini likiziba? Ufundi aliuacha mlangoni, akaingia na ukubwa peke yake. Nimechoka na wakubwa wanaodaka neno moja la daktari na kuligeuza sheria, na nimechoka na wadogo wanaouita woga adabu.

Kiu haizibui kitu; inamwongezea mgonjwa huyo hatari nyingine. Mpe maji sasa. Kisha leo hii mpeleke hospitali alikopasuliwa, na karatasi zake zote. Sema wazi: anaburuta miguu, anasahau, anajikojolea, na yote yameanza baada ya upasuaji. Kisa cha kikombe kiseme pia, usimfichie kaka aibu. Omba apigwe picha ya kichwa, kwa maana mimi sioni ndani ya fuvu kutoka gazetini. Ikiwa ni maji, wanaweza kumwekea mrija wa kudumu wa kuyapunguza, na wapo wengi walioinuka wakatembea tena. Akianza kutapika, kusinzia kupita kiasi au kulalamikia maumivu makali ya kichwa, hata karatasi usizitafute, kimbia naye.

Ama usia wa baba, utii. Kauli ya mkubwa isipingwe. Mkubwa wa nyumba hiyo ni mama yako, na amekwisha sema ana kiu.