Pedali Iliyonasa Salamu

Jumatatu, mwezi wa saba. Mbeya.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na vidole vyangu vimekakamaa. Nina hasira. Naiandika kabla haijapoa, maana ikipoa nitakuwa mpole, na upole umenigharimu mengi.

Jumamosi hii natakiwa kuimba Iringa, ukumbini, mbele ya watu wa kwetu. Sijawahi kuwaimbia. Niliondoka upande wa Idodi, huko Iringa, nikiwa na miaka kumi na tisa, kijiji chetu kilipohamishwa. Nikaja Mbeya kufundisha, nikaoa kwa Wanyakyusa, nikazeekea hapa. Nilichobaki nacho cha nyumbani ni lugha na ligombo, ule ubao wetu wenye nyuzi na kibuyu cha kukuza sauti.

Ligombo halitaki mtu mmoja. Anayeongoza hutoa mstari, wenzake humwitikia. Mimi niliitikiwa na kaka yangu na binamu yetu. Wote wawili tumeshawazika, na hapa Mbeya sina mwingine wa kuniitikia kwa Kihehe.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta lupa. Ni mashine inayonasa ulichoimba na kukirudia bila kuchoka mpaka uizime. Unaimba kiitikio mara moja, unakirundikia cha pili juu yake, kisha unaongoza wewe mwenyewe. Zipo za aina mbili: programu ya kompyuta, na pedali, kisanduku cha chuma unachokikanyaga sakafuni.

Pedali niliipata kwa Ramesh, ambaye familia yake imeuza vyombo vya muziki mjini tangu enzi za baba yake.

"Mwalimu, hii wananunua vijana wa magitaa," aliniambia. "Wewe utaikanyaga na goti hilo?"

"Nina magoti mawili, Ramesh. Funga mzigo."

Binti yangu Sekela, anayerekodi kwaya za kanisani kwao, hakufurahi. Yeye ni mtu wa kompyuta. Akaniwekea programu, akanionyesha faida zake moja moja, na sitamwonea: ni nyingi. Kila sauti inakaa kwenye mstari wake. Ukikosea moja, unaifuta hiyo tu na nyingine zinabaki. Pedali yangu inaweza kufuta tabaka la mwisho peke yake. Kosa likiingia kwenye tabaka la kwanza, ama unaishi nalo, ama unafuta kila kitu na kuanza upya mbele za watu.

Na mimi nakosea. Nakiri. Mguu wangu huchelewa, siku nyingine huwahi.

Kilichotugombanisha ni gridi. Programu ile huchora mistari ya mapigo, kisha huivuta sauti yako mpaka ikae juu ya mstari. Nilisikiliza kiitikio changu kikirudi nikadhani ni mtu mwingine.

"Baba, ulikuwa unachelewa kidogo kila mara," Sekela alisema. "Nimekunyoosha."

"Nani alikuomba uninyooshe?"

"Si ndiyo kazi yake, baba?"

Kuchelewa kule si kosa. Kwetu mwitikiaji husubiri kidogo, amsikie anayeongoza mpaka mwisho, ndipo aingie. Kwa subira hiyo unajua kwamba umesikilizwa. Ukiiondoa, wanabaki watu wawili wanaoimba kwa wakati mmoja.

Kijiji chetu kilipohamishwa, walikuja watu na vigingi na kamba, nyumba zikapangwa kwa mistari. Ilipendeza ukiitazama kwenye karatasi. Mama yangu hakuweza tena kumwita jirani yake akiwa jikoni.

Sikumwambia Sekela haya. Ningemwonea.

Jana tulikwenda Iringa kwa majaribio mbele ya kamati ya onyesho. Mwenyekiti ni Mama Neema, mfanyabiashara wa Kilolo, mwanamke asiyependa mambo ya kubahatisha. Tulianza na kompyuta, Sekela akiiongoza. Kila kitu kilikwenda sawa. Walipiga makofi ya kikao, yale ya kufungia ajenda. Mzee mmoja mstari wa mbele alikuwa anatazama simu.

Ikaja zamu ya pedali. Hapo nikafanya kosa la Mhehe.

Kwetu huwezi kugusa uzi kabla hujawasalimu watu. Lakini mguu wangu, kwa woga, ulishakanyaga. Nikainama, nikasema, "Kamwene," kisha nikaanza kupiga. Pedali ikanasa vyote, tabaka la kwanza. Sekunde tisa baadaye, sauti yangu mwenyewe ikawasalimu upya.

Na yule mzee wa simu akaitikia. "Kamwene."

Nikadhani ananitania. Sekunde tisa tena, salamu ikarudi, wakaitikia watatu. Ya nne, ukumbi mzima, pamoja na mama aliyekuwa anafagia mlangoni. Salamu haiachwi sakafuni, hata ikitoka kwenye kisanduku. Na walikuwa wanachelewa, kidogo tu, kama inavyopaswa. Sikufuta. Niliimba wimbo wote juu ya salamu ile, na nilipomaliza mstari, kulikuwa na watu upande wa pili.

Miaka yote hii.

Nilipozima, Mama Neema alikuwa amebana midomo. Nilimwona akiitikia mara mbili, lakini hilo hatalikubali.

"Mwalimu, tumecheka, lakini siku yenyewe kuna wageni," alisema. "Wataona mzee kashindwa na mashine. Njoo na ile ya kompyuta, au lete muziki wako kwenye flashi, wewe upige juu yake."

"Na nisipoleta?"

"Kuna bendi inasubiri nafasi, Mwalimu. Nijibu kesho."

Kwenye basi la kurudi, karibu na Makambako, Sekela akasema, bila kunitazama, "Ile salamu ningeweza kuifuta kwa sekunde moja." Nikamjibu najua. Akasema, "Ningeharibu."

Sasa ni saa tisa alasiri. Naweza kukubali kompyuta, nikapata makofi ya kikao, nikarudi Mbeya nikiwa sijasikika. Naweza pia kuipoteza nafasi, na kwa umri wangu sitegemei ya pili. Nimelipima hili kwa utulivu zaidi kuliko hasira yangu inavyoonyesha.

Nimemtumia Mama Neema ujumbe huu, neno kwa neno: "Nakuja na pedali. Nitasalimu kwanza, na salamu itabaki ndani. Wageni wasiojua kuitikia watafundishwa na waliokaa karibu nao. Ukitaka kunizimia umeme, ina betri."

Ameusoma. Hajajibu.

Nimevua kiatu cha kulia. Nakwenda kuufundisha mguu kusubiri.