Kiti Kinachotazama Nyuma

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, niambie kwanza: kifua kimepoa? Kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea vyuma ulichokitaja katika barua yako kimekuacha, au bado mnalala nacho chumba kimoja? Daraja limefika katikati ya mto? Sisi huku tu wazima. Mama mzima, cherehani nzima, nami mzima, isipokuwa jino moja la nyuma linalonikumbusha pipi zote nilizokula nikidhani hakuna anayehesabu. Nimekuwa wa nne darasani. Mwalimu wa insha ameniambia nipunguze kuota ndoto ninapoandika, nami nimemwahidi kwamba nitajaribu.

Umeuliza habari za gari mara mbili, na mara zote mbili Mama amekujibu kwamba lipo. Ni kweli lipo. Ila kuwapo nako kuna namna zake.

Tangu uondoke limezeeka kwa haraka, kama watu wanavyozeeka mwenye nyumba akisafiri. Kioo cha mlango wa kushoto kilishuka siku ya mvua kikakataa kupanda, nasi tukaziba pengo kwa kipande cha pazia chenye maua ya njano. Linavuja oili tone kwa tone, na pale uani pameota doa lenye umbo la sikio. Taa za dashibodi zinawaka zote kwa pamoja, nyekundu na za rangi ya chungwa, hata jioni tukitoka kupeleka mapazia ya wateja naona kama Mama anaendesha kuelekea mji mdogo ulio mbali, ambao hatuufikii kamwe.

Fundi wa pale kona, yule anayeweka kalamu sikioni hata akiwa chini ya gari, amelipa jina la Mama Mkwe. Anasema magari ya kifahari yakizeeka ndivyo yalivyo: kila ukienda kuliamkia, lazima uende na zawadi. Alimwambia Mama kwamba bei ya kulinunua ilikuwa ya mtu wa kawaida, lakini bei ya kuishi nalo imebaki ileile ya tajiri wa kwanza. Mama alicheka, kisha akamwomba asilitaje jina hilo Bibi akija, maana atatususia mpaka mwakani.

Lakini kicheko hakijazi tangi. Mwezi wa pili Mama alinikalisha karibu na cherehani akaniambia kwamba mapazia yanalilisha gari, na gari halimlishi mtu. Alisema wewe mwenyewe ulimwachia ruhusa: likiwa zito, aliuze. Akampata mnunuzi, yule baba mwenye duka la maua, anayevaa viatu vyeupe hata siku za tope. Alilitaka kwa ajili ya mgongo wake mrefu, kwamba ndani yake shada la maua linaweza kulala bila kukunja shingo.

Siku aliyokuja kuliona, alilikuta limekaa chini. Unajua linavyolala usiku, ile mipira ya hewa inayolibeba nyuma badala ya springi ikivuja polepole, na asubuhi ukiliwasha linajiinua lenyewe taratibu kama mtu anayeamka bila kuitwa. Siku hiyo liliwashwa lisiinuke. Lilibaki na sehemu ya nyuma ardhini kama kuku anayeatamia. Baba wa maua alilizunguka mara tatu akamwambia Mama kwamba yeye alikuja kununua gari, hakuja kumtazama mgonjwa.

Fundi hakutaka hata kupima. Alisema ni kompresa, pampu ile inayojaza hewa, na kwamba huo ni ugonjwa wa ukoo wa magari haya. Yote hufa hivyo. Mama akashona mapazia ya ukumbi mzima wa shule ya jirani, madirisha ishirini na mawili. Vidole vyake vilikuwa vinatoa harufu ya chuma. Kwa pesa hizo akanunua kompresa ya mtumba. Fundi akaifunga, akafuta mikono, akatuambia tusimame mbali tuone Mama Mkwe akinyanyuka. Hakunyanyuka. Baba, sijawahi kumwona fundi akiitoa kalamu sikioni. Siku ile aliitoa, akaitazama, akaitia mfukoni. Wateja wake wawili walikuwa wamesimama pale. Mmoja akamuuliza kama sasa angependa waite mganga. Alimrudishia Mama ujira wake wote, na tangu hapo akituona barabarani alikuwa anainama kama mtu aliyedondosha kitu.

Baba wa maua akapeleka ujumbe kwamba atalichukua hivyohivyo Jumamosi hii, kwa nusu ya bei.

Sasa nifike pale ambapo kalamu imekuwa ikizunguka tangu mwanzo. Unakumbuka wiki moja kabla hujaondoka, uliponipa tochi nikumulikie kule nyuma, ukafungua kifuniko kilicho chini ya kile kiti cha watoto kinachotazama nyuma? Ulinionyesha fyuzi ndogo ya kijani, ukasema hiyo ndiyo inayomwamsha huyu bibi kizee wa magurudumu asubuhi. Ni mimi niliyeichomoa, Baba. Niliichomoa asubuhi ile ya mnunuzi, nikaiweka katika mkebe wangu wa hesabu, kati ya bikari na kifutio. Wiki tano imekuwa ikigonga humo kila nikitembea. Nilisikia cherehani ikilia kwa ajili ya kompresa isiyohitajika, nikanyamaza. Nilimwona fundi akiaibika, nikanyamaza.

Sikufanya kwa ukorofi. Siku tuliyokusindikiza kituoni, Mama alishika usukani akatazama mbele, maana dereva hana njia nyingine. Mimi nilikuwa kwenye kile kiti cha nyuma. Gari lilipoondoka, nilikuona kwenye kioo chote kile kipana. Ulivua kofia, ukaivaa, ukaivua tena. Ukawa mdogo kama mwanafunzi, kisha kama kidole, kisha kona ikakuchukua. Tangu hapo huwa nafanyia kazi za shule pale nyuma. Jua la saa kumi likipenya kwenye vumbi la kioo, huwa naona kama barabara bado inakuandaa mahali fulani, na kwamba ukitokea, utatokea palepale ulipopotelea. Nilidhani gari likiondoka, pale mahali pataondoka nalo.

Jana asubuhi niliirudisha fyuzi, nikawasha. Lilijiinua. Mama alitoka jikoni na mikono yenye povu, akalitazama likipanda kidogo kidogo, akanitazama mimi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea fimbo, au angalau jina langu kamili. Alifungua mlango wa nyuma, akajikunja, akaingia kwenye kile kiti akakaa na magoti yake karibu na kidevu. Alikaa mpaka povu likakauka mikononi. Kisha akaniuliza, kumbe wewe ulimwona mpaka kona? Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza wewe, Baba, ulifanya nini pale. Nikamweleza habari ya kofia. Akaniomba nirudie.

Baadaye tulienda wote wawili kwa fundi, nikamwomba radhi mbele ya wateja, kama alivyoaibika mbele ya wateja. Akasema kosa lake ni kuujua ugonjwa kabla ya kumwona mgonjwa, kwa hiyo yeye na mimi tugawane. Kalamu imerudi sikioni. Ile kompresa ya zamani, iliyokuwa nzima siku zote, ameichukua akaiuze, pesa zirudi kwa Mama.

Jumamosi baba wa maua atalikuta limesimama, na Mama atamdai bei kamili. Nitaliosha mwenyewe, na hicho kioo kipana nitakifuta mara mbili.

Bibi anakusalimu, na fundi pia. Mama amesema salamu zake ataziandika mwenyewe, zisipite mkononi mwangu. Ukirudi, tutakuja kukupokea kituoni kwa gari la mtu au kwa miguu yetu, nami nitakuwa nimetazama mbele. Safari hii nataka kukuona ukikua.

Ni mimi kitindamimba wako, mwenye mkebe usiogonga tena.