Somo kwa Kuku wa Baba Mkwe

Baba Jackline,

Gari la timu ya kipindupindu limeshapiga honi, nakwenda Ubaruku hadi Jumamosi. Maji ya kunywa ni yale ya ndoo yenye mfuniko, nimeshayatia dawa. Jackline asichote kabla ya kunawa, na wewe pia. Maharage yako jikoni, yapasheni moto sana. ~~Msinisumbue kwa simu.~~ Nipigie jioni.

Kingine ni baba yako. Mtaa mzima nimeufundisha, amebaki yeye tu, kwa kuwa kwenu Wanyakyusa mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe wala kusema naye. Juzi nilikuomba ukamweleze, ukasema kesho. Basi leo asubuhi nimejificha nyuma ya migomba yake, nikamsemesha kuku kwa sauti: "We kuku, usinywe maji ya mfereji bila kuchemsha, na unawe kwa sabuni." Kuku akakimbia. Halafu nikamsikia mzee ndani akimwambia mbwa wake: "Mwambie huyo kuku maji nachemsha, ila sabuni sina."

Nimecheka njia nzima kurudi nyumbani. Sabuni ya mche iko juu ya kabati, mpelekee leo hii, siyo kesho. Akiuliza imetoka kwa nani, sema kwa kuku.

Mama Jackline