Gladys Hanywi Maji

Masama,
S.L.P. 77,
Bomang'ombe.
22 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Filemon,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Gaborone, wewe na wifi yangu Violet na watoto. Je, kifua cha Violet kimepona? Mama huniuliza kila Jumapili tukitoka kanisani kama umeandika, nami humwambia kwamba Botswana ni mbali, barua hutambaa.

Mama hajambo, ila magoti. Shemeji yako Ebenezeri naye hajambo. Mvua za El Nino zimetupumzisha kidogo, lakini ziliondoka na daraja la kule chini, na migomba mingi ya kihambani, hapa shambani nyumbani, imelala. Mimi mwenyewe nilitaka kuandika kwamba sijambo, kama ilivyo desturi, nikaona nitakuwa nakudanganya.

Ni habari za Gladys.

Wewe ndiye uliyembeba mabegani kumpeleka darasa la kwanza, polio ilipokuwa imeshamaliza miguu yake. Unakumbuka pia furaha yetu alipochaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea sheria, mchungaji akaja kuomba na Mama akacheza na magoti yake hayo hayo. Mwaka wa kwanza hatukuwa na malalamiko. Alipewa chumba cha chini karibu na mlango, choo kilikuwa cha kukalia, na alikaa na msichana wa Kibosho anayeitwa Lukresia, mtoto mwenye utu sana.

Mwaka huu wa pili vile vyumba vya chini wamevigeuza ofisi. Gladys akapangiwa ghorofa ya pili. Alipolalamika aliambiwa asubiri, wanashughulikia. Basi akawa anapanda ngazi kwa makalio, Lukresia nyuma yake amebeba magongo, na wanafunzi wengine wakiwaruka kuwahi darasani. Haya yote sisi hatukuyajua. Barua zake zilisema yuko salama.

Mwezi wa pili Lukresia alimleta nyumbani kwa basi. Nilikwenda kuwapokea stendi ya Moshi. Nikamwona Lukresia, nikaona na bibi mmoja ameegemea dirisha, nikaendelea kumtafuta mwanangu. Filemon, yule bibi ndiye alikuwa Gladys.

Hospitalini tulipokewa na daktari mwanamke, mtu wa sauti ya taratibu. Alisema figo zimeingia wadudu, na moja imeharibika vibaya. Akamwuliza Gladys kwa siku anakunywa maji kiasi gani. Gladys akageukia ukuta.

"Mjibu daktari, mwanangu," nikamwambia.

"Sinywi," akasema. "Nikinywa nitataka kwenda chooni, na vyoo vya kule juu siwezi kuingia."

Daktari akaweka kalamu chini. Ndipo tulipoyasikia yote. Vyoo vile ni vya kuchuchumaa, vyembamba, na mtu mwenye vyuma miguuni hana namna. Kushuka na kupanda kila mara hawezi. Basi akiamka hanywi kitu mpaka jioni, katika joto lile la Dar, koo limekauka na mwalimu anafundisha. Hata Lukresia aliyelala naye chumba kimoja alidhani anafunga kwa maombi.

Alipopata nafuu nilimwacha na Mama, nikapanda basi kwenda chuoni mwenyewe. Nikauliza iko wapi ofisi inayowahudumia wanafunzi walemavu. Nikaonyeshwa ngazi. Nilizipanda mpaka pumzi ikanikatika, na sikuamini mpaka niliposoma kibao cha mlangoni.

Nilimkuta bwana mmoja anaitwa Remigius. Alinivutia kiti, akaniagizia soda. Akasema, "Pole sana, mama. Gladys namfahamu, ni mwanafunzi hodari."

"Mwanangu angefikaje hapa kukwambia anaumwa?"

"Hafiki, mama. Huwa nawafuata chini."

"Ulimfuata?"

"Niko peke yangu. Na vyumba sigawi mimi. Tangu nilipoingia ofisi hii naomba wabadilishe choo kimoja tu kwa kila jengo."

"Wanakujibu nini?"

"Kwamba wanafunzi wenyewe ni wachache."

Machozi yalimlengalenga, mtu mzima yule. Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu yote ya ugomvi, nikakosa mtu wa kumpa. Alinieleza kwamba chuo kitafunguliwa baada ya Pasaka. Gladys anaweza kurudi chumba kile kile, au aahirishe mwaka, lakini hakuna anayeahidi kwamba mwakani mambo yatakuwa tofauti.

Nyumbani sasa hakukaliki. Ebenezeri amesema, "Haendi. Mimi nilizaa mtoto, sikuzaa mwanasheria." Na Gladys akamjibu pale pale mezani, "Baba, nikibaki hapa nitakuwa nani? Wa kuonyeshwa wageni wamhurumie?" Tangu siku hiyo hawasemeshani. Ebenezeri amemchongea kiti cha chooni, amekipiga randa mpaka kinateleza kama meza ya kanisani, lakini hakumwambia neno. Kiti alikikuta tu.

Daktari alisisitiza maji, jagi zima kila siku. Nilikuwa namchemshia, napoza, nampelekea chumbani na bakuli la mtori wa ndizi. Jagi likawa linarudi tupu. Nikamshukuru Mungu, nikawaambia hata akina mama wa kanisani kwamba mtoto anapona.

Juzi nilikuwa nyuma ya nyumba nakata majani ya ng'ombe. Nikamwona dirishani, amejikongoja mpaka pale, anamwaga maji kwenye migomba. Anayamwaga polepole, yasitoe sauti.

Niliingia ndani na mundu mkononi. "Gladys, unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Najizoeza, mama. Chuo kikifunguliwa nataka mwili uwe umeshazoea."

Nilikaa sakafuni. Yeye ndiye aliyenishika bega akaniambia nisilie, na nisimwambie baba yake.

Sijamwambia. Nikimwambia atamfichia magongo, na habari ya chuo imekwisha, na binti huyu namjua, ataoza humu ndani mbele ya macho yetu. Nisipomwambia, mimi ndiye ninayemfungia mizigo ya kwenda kufa. Sasa nakaa naye kila anapokunywa, namshikia kikombe kama mtoto mchanga, na anameza kwa kuwa namtazama. Lakini kuna ng'ombe, kuna shamba, kuna Mama. Nikigeuka tu, sijui.

Filemon, hata sijui nikuombe nini. Ulizia kama huko mna chuo chenye mlango ambao mtoto huyu anaweza kuuingia na magongo yake. Kama hakipo, mwandikie hata hivyo, na uandike upesi, maana Pasaka i karibu na wewe mjomba wake ndiye unayesikilizwa naye. Usimwambie asirudi chuoni, ataichana barua kabla hajafika mwisho. Usimwambie kuwa jasiri pia, ujasiri anao kupita kiasi. Mwambie anywe.

Mama anakusalimu, anasema upige tena picha uitume, yaani picha ya familia, ya zamani imefifia. Ebenezeri anakusalimu. Lukresia naye, akiandika, hukosi kuulizwa. Nibusie watoto, na umwambie Violet asikae na kikohozi kile bila kumwona daktari. Gladys pia anakusalimu, ila hajui niliyokuandikia.

Mungu aliyewafikisha huko salama aendelee kuwafunika, na nafasi ikipatikana apite na huku kwetu.

Ni mimi dada yako nikupendaye na kukungoja,

Yuditha, Mama Gladys