Kamba Yenye Mafundo Matatu

Makere, Kasulu
14 Oktoba 2024

Mpendwa shemeji Makarius,

Pokea salamu za nyumbani. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la machimbo huko Geita? Mama yenu Ntirampeba anaamka, anakula kidogo. Mimi ni mzima, ila nachoka hata nikiwa nimekaa.

Mvua ya kwanza ilinyesha juzi. Nimepanda mahindi, maharage bado. Ni miezi miwili tangu tumzike kaka yako Nduwayezu, na asubuhi bado nasikia kama anagonga misumari kwenye katambuga za tairi za watu.

Shemeji, nimefanya kosa. Unajua Nduwayezu hakuandika vipimo. Kila mguu aliupima kwa kamba kavu ya mgomba, akaifunga mafundo ya kumtambua mwenye mguu, akaitundika ukutani. Tulipofagia nyumba baada ya msiba, wanawake wakaniuliza, "Na takataka hizi, Esteri?" Nilikuwa nimechoka. Nikasema chomeni. Miguu ya Makere nzima ikaungua pamoja na nyasi za kitanda.

Mama alipojua aliniambia, "We mkamwana, umenichoma mguu ningali hai?" Akacheka. Kisha tukalia sote wawili.

Imebaki kamba moja. Niliikuta chini ya meza yake, imezungushwa kwenye katambuga ya kushoto iliyokamilika kabisa, mpaka mikanda. Ina mafundo matatu: mtoto wa tatu, ndiwe. Ya kulia ni kipande cha tairi kilichochorwa chaki, hakijakatwa. Uliahidi kuja kupanda, naye alikuwa anakutengenezea.

Sasa Hilali, yule mwenye duka la viatu vya yeboyebo mjini, anataka kisu cha kaka yako na kile kipande cha reli cha kugongea. Ameuliza kwa heshima. Nimemwomba asubiri hadi palizi. Aliyefundishwa kukata tairi ni wewe peke yako. Ukija, vifaa ni vyako. Ukishindwa, niambie tu, sitakasirika, nitampa. Ila hiyo katambuga ya kushoto haiondoki humu ndani.

Kamba yako nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ijaribishe mguuni.

Mama anakusalimu, na binti yetu Gentille pia. Mungu akutoe salama kila unaposhuka shimoni.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Esteri

Ukivaa viatu asubuhi, unikumbuke.