Eti Tumshushe Dada Asia

Ikram, nina hasira we acha tu!

Dada Asia kajifungua leo, damu ikagoma kukata. Helikopta ya wagonjwa ikaja kumchukua hapa Kibirizi, kumbe imebeba na mpiga picha wa kile kipindi cha televisheni cha wahudumu wa helikopta.

Tumeshampakia, yule kaka anasema, "Mshusheni kidogo, mumpakie tena. Picha haikutoka vizuri."

Mshusheni! Dada yangu anavuja damu, eti mshusheni!

Nikamsukuma, akaanguka na kamera yake mchangani. Nesi akamfokea rubani, "Ruka! Huyo abaki!"

Wamepiga simu sasa hivi kutoka hospitali. Asia kaongezewa damu, kafumbua macho.

Yule kaka yupo hapa, anataka jina langu akanishtaki. Nimemtajia mpaka la ukoo.